Pale Alipokohoa Mwalimu wa Kwaya

4 Februari

Kwako mdogo wangu Kinanda,

Bwana asifiwe. Sisi huku hatujambo, wakubwa kwa wadogo, na kama nawe umeamka salama basi nusu ya barua hii imeshakamilika. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna hitilafu. Jana alimkemea muuza maziwa mpaka yule bwana akamwongezea kikombe kizima kwa woga. Binti yako yuko hapa kwangu, anakwenda shule, anakula, ila amekuwa mkimya. Nimempa vifungo vya sare arobaini avishone ili asipate muda wa kukaa akitazama ukuta.

Najua ungependa nikupigie simu pale wodini. Sipigi. Daktari amekukataza kutumia koo, na mimi nikikupigia utajibu tu, nakujua. Dereva wa lori la vifurushi amekubali kutubebea barua kila anapokuja huko, kwa hiyo tuandikiane kama zamani ulipokuwa chuoni.

Kwaya yako haijambo. Wote ishirini na wanne wapo, na Katibu anawafundisha wimbo wako mpya kwa ile kaseti uliyowarekodia. Wanataka wauimbe mwishoni mwa mwezi wa saba, siku ya kufungua kanisa baada ya kuezekwa upya. Upande huo usikutie wasiwasi. Wewe shughulika na tarehe tisa Machi, wakate kinachotakiwa kukatwa, urudi. Najua daktari alisema sauti itaondoka pamoja na hilo zoloto la kooni. Hilo tutalizungumza ukirudi. Kwanza urudi.

Mama anasema umeze dawa zote, hata zile chungu. Kumbe anadhani bado una miaka saba.

Ni mimi dada yako,
Mama Sindano


20 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua imefika ikinukia mafuta ya cherehani, nikajua ni wewe kabla sijaifungua. Mwambie Mama dawa namaliza. Mwambie binti yangu vifungo vishonwe kwa uzi mara mbili, asije akatuaibisha.

Hapa tuko wanane chumbani. Kitanda changu kiko dirishani, naona kamba za kuanikia mashuka na mlango wa jikoni. Jirani yangu ni mzee mmoja aliyekuwa mpima ardhi. Walimkata koo mwezi wa kumi na mbili, sasa anapumua kwa tundu la shingoni na kuongea kwa kibao na chaki. Ni mtani balaa. Jana nesi alimchoma sindano mahali pabaya, akaandika: “Hapo ni nje ya mpaka.” Wodi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa yeye, maana hawezi. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanatikisika.

Nimefurahi kusikia kwaya iko imara. Ungeniambia imelegea ningekosa usingizi. Tarehe tisa iko palepale, mimi niko tayari, moyo nimeupiga konde. Msihangaike.

Nasalimia wote.
Kinanda


15 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mama na binti wanakusalimu pia. Sare zimekwisha, mwenye shule amezipokea, amelalamikia kola moja tu.

Tarehe tisa tulifunga, nyumba nzima, hata Mama ambaye daktari wake hamruhusu. Nilifunga duka. Tulipiga magoti sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa tangu saa mbili mpaka saa saba. Halafu tukasubiri. Leo ni siku ya sita na dereva amerudi mikono mitupu. Najua huwezi kuandika mara baada ya kisu. Basi mwombe hata huyo mpima ardhi aandike neno moja kwenye kibao chake, dereva atalikariri atuletee.

Dada yako


18 Machi

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, na shukrani kwa maombi. Upasuaji umesogezwa mbele kidogo, kuna mashine ilikuwa haifanyi kazi. Si jambo la kutia roho juu. Nimehamishiwa nyumba ya wagonjwa nyuma ya hospitali, naenda kupigwa mionzi asubuhi na kurudi. Pazuri. Bafu lake lina mwangwi mzuri sana, juzi nimejaribu ubeti wa pili wa ule wimbo humo ndani, ukatoka kama tuko kanisani.

Kwaya wanaendeleaje? Besi bado wanavuta?

Wasalimie.
Kinanda


2 Aprili

Kinanda,

Hatujambo. Mama hajambo. Binti hajambo. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Mashine inayoharibika huko ni ipi, ndugu yangu? Kisu? Dereva amemuuliza mlinzi wa getini, na mlinzi anasema tarehe tisa watu watano waliingia chumba cha upasuaji. Hao mashine iliwakubali? Na mtu anayengoja kukatwa koo huwa anaomba dua bafuni, wewe unapima mwangwi. Umekataa. Ulikataa mapema, ukatuacha sisi tumepiga magoti juu ya pini na sindano tukiombea kitu ambacho hakikuwepo.

Nimekasirika na sifichi. Lakini kabla hujanijibu kwa hasira, na mimi nina yangu ya kukiri, maana siwezi kukufokea kwa uongo nikiwa nimeukalia wa kwangu.

Kwaya haiko. Ishirini na wanne ilikuwa Januari. Katibu alihamia kwaya ya ng'ambo ya barabara wiki mbili baada ya wewe kuondoka, akaondoka na sauti ya tatu karibu yote, na wengine wakamfuata. Wamebaki tisa. Wanafanya mazoezi dukani kwangu, wamekaa juu ya majora ya vitambaa, na anayewashikilia ni mimi. Ndiyo, mimi, yuleyule uliyemtoa kwenye kwaya miaka ishirini iliyopita mbele ya watu wote kwa sababu hana sikio. Siimbi. Nawasha kaseti yako, nawapigia makofi, na anayechelewa namtazama kwa jicho la Mama.

Na ndiyo hiyo kaseti iliyonifungua macho. Nimeisikiliza mpaka naiota. Wimbo wa kwanza uko safi. Wa tatu unakohoa mara moja. Upande wa pili unakohoa kila ubeti. Kaseti ile uliirekodi mwanzoni mwa mwaka jana, Kinanda. Mwaka jana! Sisi ulituambia ni mafua.

Basi tuache kupeana moyo kwa uongo. Mimi na wewe tumekuwa tukitiana nguvu kwa vitu ambavyo havipo, halafu tunashangaa kwa nini nguvu haziji. Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Dada yako, ambaye bado amekasirika


30 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki nne, kimya. Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba umekonda.

Hutanifukuza kwa kunyamaza. Nitaandika mpaka wino wa nchi nzima uishe. Leo nakupa habari ya kwaya tu.

Kuna tatizo limetokea na sijui kulitatua. Ule wimbo mpya hukuuandikia noti, uko kwenye kaseti peke yake. Na pale mwishoni, penye “Bwana, taa yetu ingali inawaka,” sauti zote nne ukifika kwenye “ingali” unakohoa, unameza, ndipo unamalizia “inawaka.” Mara zote nne, palepale. Sasa hawa tisa wamejifunza hivyo hivyo. Wanaimba “taa yetu ingali,” wananyamaza wote, mapigo mawili kamili, halafu “inawaka.” Fundi baiskeli wa besi anafika mpaka kumeza mate kama wewe. Nimewaambia hapo si pa kunyamaza, hapo mwalimu alikuwa anaumwa. Wanaitikia ndiyo, tukianza tena wananyamaza palepale. Mwalimu wa chekechea anasema wakiunganisha moja kwa moja wimbo unakuwa si wa kwako.

Niwafanyeje? Wewe ndiye mwalimu. Nijibu hilo tu.

Dada


11 Mei

Dada,

Natumaini Mama hajambo. Mimi sijambo, kwa kiasi ambacho mtu wa namna yangu anaweza kusema hivyo.

Yote uliyosema ni kweli. Nilisaini karatasi ya kukataa tarehe nane, jioni yake nikala chakula chote kwa hamu. Niliona nimeshinda. Daktari hakunigombeza. Alisema mionzi itasukuma muda kidogo, na kwamba nikibadili mawazo kabla ya katikati ya Juni atanikata, lakini baada ya hapo kisu hakitakuwa na maana tena. Ndiyo hali halisi.

Ulitaka mchungu, haya pokea. Nimemwimbia Mungu tangu nina miaka kumi na miwili. Mke wangu alipofariki, nani aliongoza kwaya siku ya kumzika? Ni mimi. Sikumuuliza Mungu swali hata moja siku ile. Kama alitaka kiungo changu, miguu ninayo miwili, figo ninazo mbili, angejichagulia. Kwa nini koo? Mwezi wa tatu huu sijaomba. Mchungaji wa hospitali akipita najifanya nimelala, na nadhani anajua, maana huwa anavuta shuka langu vizuri halafu anaenda zake. Mimi mwalimu wa kwaya, dada, sina wimbo wala sala.

Kukohoa nilijua tangu zamani. Nilijua, nikaogopa kuambiwa. Na habari ya wale tisa imeniumiza kuliko ya Katibu. Tisa! Na wewe ndiye kiongozi! Nilicheka mpaka nikatapika, halafu nikalia.

Mpima ardhi bado yuko wodini, huwa namtembelea. Nilimweleza kwamba naogopa. Akaandika: “Unaogopa kufa au kunyamaza?” Nikamwambia kunyamaza. Akafuta kibao, akaandika: “Ukifa utanyamaza pia.” Akanipokonya chungwa langu akala.

Hapo pa kukohoa sijui uwafanyeje. Waache kwanza.

Kinanda


24 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Sasa hii ndiyo barua. Nimeisoma nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani, nikamaliza, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mteja akaniuliza kama nimepata mkaa wa bei rahisi. Hasira yangu imekwisha. Mtu anayemgombeza Mungu bado anaongea naye, hiyo ni sala tosha, hata kama hukuianza kwa adabu.

Kwa nini koo, sijui. Ningejua ningekuambia, na ningekuwa mhubiri badala ya mshonaji. Mimi mume wangu alipotuacha niliuliza miaka minne na sikujibiwa. Nilichopata ni kwamba kila asubuhi niliamka na nguvu za asubuhi hiyo moja, wala si zaidi. Sikuziona zikija. Nilizikuta zipo tu, nikazishonea nguo.

Lakini nimekuwa nikiwaza jambo moja wakati wa mazoezi. Bwana wetu alipofufuka, yeye aliyeshinda kifo angeshindwaje kufuta makovu ya misumari? Angetaka yangefutika. Akatoka kaburini nayo mikononi, na wanafunzi wakamtambua kwa hayohayo. Sisi tunamngoja Mungu aturudishe kama tulivyokuwa, bila alama. Mimi nafikiri tumaini letu si hilo. Nafikiri atakurudisha wewe, mzima, na kovu lako shingoni. Na usiniambie bila sauti si wewe. Hawa tisa wanaponyamaza hapo hakuna sauti yako hata kidogo, na bado wanakuona umesimama pale dukani.

Nimemsomea binti yako barua yako. Sikumficha kitu, ana miaka kumi na mitano na amechoka kufichwa. Nikamwuliza, Baba akirudi hana sauti, ukimwita hawezi kuitika, utaweza? Akakata uzi kwa meno, ingawa nimemkataza mara mia, akasema, “Shangazi, sihitaji aitike. Nahitaji ageuke.”

Halafu jana jioni, katikati ya mazoezi, akaacha vifungo akasimama na sauti ya pili. Hajaimba tangu uondoke. Sasa tuko kumi.

Juni inakuja. Nikisikia umepitisha tarehe, nitapanda lori la vifurushi mimi mwenyewe nikiwa na mkasi wangu mkubwa, na daktari atachagua kati yangu na yeye nani ana mkono mwepesi.

Dada yako akupendaye


9 Juni

Dada yangu,

Salamu kwa Mama na kwa binti yangu. Mwambie nitageuka. Kila mara.

Nimesaini asubuhi hii. Sitakudanganya kwamba amani imenishukia kama inavyosemwa kwenye shuhuda. Sahihi yangu imepinda mpaka ikafanana na ya Mama. Lakini nimeomba, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na sala yenyewe ni fupi: “Bwana, sijafurahi, lakini nakuja.” Mchungaji alipopita sikujifanya nimelala. Tulikaa tu, kila mtu na kikombe chake.

Watu hapa wananishauri nirekodi sauti, niage, niimbe mara ya mwisho. Nimekataa. Kaseti mnayo, na kikohozi changu kimo. Inatosha.

Ni kesho saa mbili, na dereva anaondoka na barua hii mchana huu. Safari hii mkifunga, mashine inafanya kazi. Mama asifunge, mnyimeni ruhusa.

Kinanda


12 Julai

Kwako dada yangu, kiongozi wa muda wa kwaya,

Bwana asifiwe, na asifiwe kweli. Niko hai. Najua dereva amekwishakuambia, lakini nilitaka uione kwa mwandiko wangu. Shingo inauma, chakula ni majimaji, na nimepewa kibao. Mpima ardhi amekikagua, amesema chaki yangu ni ya wanafunzi. Aliruhusiwa juzi, akaniachia ya kwake.

Neno langu la mwisho lilikuwa “Twende.” Nesi aliniuliza kama niko tayari, likatoka lenyewe. Si baya. Siku za kwanza baada ya hapo zilikuwa ngumu, sitazipamba. Niliamka nikitaka maji, nikafungua mdomo, pakavu. Nililia bila sauti, na hilo ni jambo la ajabu sana kulifanya. Ila asubuhi ya nne nilikuta nguvu za asubuhi hiyo zipo, kama ulivyosema. Tangu hapo nazikuta.

Sasa kazi. Ndani ya bahasha hii kuna noti za wimbo, sauti zote nne, nimeziandika kwa siku tatu. Tazama mwishoni, baada ya “ingali.” Nimeweka kituo cha mapigo mawili, nimekipigia mstari. Msikiondoe. Atakayeunganisha moja kwa moja atakuwa amekosea, mwambie mimi ndiye nimesema. Walikuwa sahihi, hao tisa na huyo wa kumi, walikijua kabla yangu.

Kuhusu wewe. Sikio huna, dada, tumekubaliana kuambiana ukweli. Lakini mapigo unayo, na mtu wa kuwaita watu wakaja hayupo kama wewe. Siku ya kufungua kanisa hutakaa benchi la nyuma. Utasimama pembeni yangu. Mimi nitaongoza kwa mikono, na panapohitaji maneno utasema wewe, maana kukaripia soprano kwa chaki kutachukua asubuhi nzima.

Daktari ananiruhusu tarehe ishirini na tatu. Nitakuja na lori la vifurushi, mbele pamoja na dereva. Kabla sijafika nifanyie jambo moja. Kwenye kabati la chumbani mwangu kuna joho langu la kwaya, lile jeupe. Kola yake inabana mpaka kidevuni. Ikate. Ishushe mpaka juu ya kifua, upinde vizuri, usiweke kitambaa cha kufunika. Najua utataka kuweka kitambaa. Usiweke. Ninapumua kwa hapo sasa, na hewa inapita kwa kishindo kidogo, chumba kikiwa kimya inasikika.

Wakifika kwenye kituo, kanisa zima likanyamaza mapigo mawili, watanisikia nikipumua. Hiyo ndiyo sauti yangu katika wimbo ule. Halafu wao wamalizie.

Mdogo wako,
Kinanda